Walezi wa Kiroho katika Vilima vya Buha

Ukipanda kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, kisha ukaendelea kaskazini hadi Kibondo, unaliacha joto la ziwa na kuingia nchi ya vilima, migomba, mihogo na maharage. Hii ndiyo Buha, nchi ya Waha, ambayo zamani iligawanyika katika tawala za Bami, yaani wafalme wa Waha: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo. Mgeni hatakawia kuona kwamba huku salamu haina haraka. Mdogo huinama mbele ya mkubwa, viganja hugongana taratibu, na watu huulizana habari za wazee, watoto na shamba, kila swali likisubiri jibu lake. Anayepita kimya huonekana hakulelewa.

Naanza na salamu kwa sababu maisha ya sala ya Wakristo wa Buha yamesimama juu ya adabu hiyo ya kumsubiri mwenzako amalize. Kwingineko sala ya kimya na malezi ya kiroho hudhaniwa kuwa mambo ya watawa na nyumba za mafungo. Huku yamekaa mikononi mwa wakulima.

Sababu moja ni ya kihistoria. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kwamba anayeomba ubatizo aandaliwe kwa miaka minne. Padre mwenye vigango vingi vilivyotawanyika milimani hawezi kumfuata kila mwanafunzi kwa muda wote huo. Kazi ikawaangukia makatekista na wasimamizi wa ubatizo, watu wa kijiji kilekile, wanaojua nani amegombana na nani na nani amelala njaa. Hata Jimbo Katoliki la Kigoma lilipoanzishwa mwaka 1953, mizizi ya malezi ilikuwa tayari vijijini.

Waanglikana walipata urithi kama huo kwa njia nyingine. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe huko Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walisali na kusoma Biblia pamoja. Kutoka hapo, na kutoka Gahini nchini Rwanda, Uamsho wa Afrika Mashariki ukasambaa miaka ya 1930 na kuvuka mipaka. Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, ilizaliwa mwaka 1966 katika kanisa lililokwisha kuguswa na Uamsho huo. Desturi yake kuu ni ushirika: ndugu hukutana mara kwa mara, husoma Neno, na kila mmoja hujitahidi kutembea nuruni, yaani kulisema wazi deni alilokana, uongo aliousema au chuki aliyoificha, na kwenda kutengeneza mambo na aliyemkosea.

Kwa Wakatoliki, shule ya sala iliyo karibu zaidi na nyumbani ni jumuiya ndogondogo, ambayo maaskofu wa Afrika Mashariki waliipa kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Inapofuata mtindo wa hatua saba, ulioandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, mambo huenda hivi. Watu wameketi uani, kina mama kwenye mikeka, wazee kwenye viti vya mwenye nyumba. Mmoja humkaribisha Bwana. Injili husomwa. Kisha kila aliyeguswa hutamka neno moja au kifungu kifupi, hukirudia polepole, na hakuna anayeruhusiwa kukifafanua. Hatua ya nne ni kimya. Kuku wanaparua, mtoto ananyonya, na watu wazima waliotoka shambani wanamwachia Mungu nafasi aseme. Baada ya hapo ndipo hushirikishana yaliyowagusa, huamua kazi ya wiki, na kumaliza kwa maombi. Katika karne ya 12 mmonaki Guigo aliandika juu ya ngazi ya kusoma, kutafakari, kuomba na kutazama. Hatua hizi saba zinaishusha ngazi hiyo hadi uani kwa mkulima.

Ndani ya jumuiya na ushirika hujitokeza watu ambao wengine huwaendea. Hawana cheo. Mara nyingi ni mama mtu mzima aliyezika watoto na akabaki na imani. Kijana humfuata njiani kutoka kisimani, na maneno ya mama huwa machache: "Mwanangu, uliposali, ni nini kilikurudia?" Atasikiliza, atanyamaza, atauliza tena. Kazi yake ni kumsaidia kijana aione njia ambayo Mungu anamwongoza, na uamuzi humwachia mwenyewe.

Uzito wa malezi hayo huonekana msiba unapoingia. Mtoto akifa ghafla, jirani hutajwa kwa uchawi, na wapo wanaotaka Kamchape, yaani wasaka wachawi, waitwe waje kumfichua. Hapo mlezi huketi na wafiwa, huwaacha walie, huwazuia wasimtaje mtu kwa hasira, na kusali nao hadi hofu ipungue. Kwa kufanya hivyo anaweza kuiokoa nyumba ya jirani na roho ya mfiwa kwa pamoja.

Urithi huu unahitaji kutunzwa. Jumuiya nyingine huruka hatua ya kimya ili zifike haraka kwenye michango na matangazo. Siri iliyosemwa nuruni ikivuja hadi sokoni, ushirika huvunjika, na aliyeumia huenda asifungue moyo tena. Nao walezi wenyewe, hasa kina mama, hubeba mizigo ya kijiji kizima bila mtu wa kuwasikiliza wao.

Parokia na dayosisi zina uwezo wa kurekebisha hayo. Ziwatambue walezi hawa, ziwafundishe kutunza siri na kujua ni lini mtu apelekwe kwa padre, mchungaji au daktari, na ziwape siku zao za mafungo. Buha haina upungufu wa watu wa sala. Inachohitaji ni kanisa linalowasikiliza kwa subira ileile wanayowasikilizia wengine.