Mtoto anasoma vizuri, lakini karatasi inasema nini?

Juma hili tunawaletea jambo lililotokea nyumbani kwa mmoja wetu. Mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha tangu usiku. Nyumbani kulikuwa na karatasi iliyotoka kituo cha afya. Kaka yake, wa darasa la tano, akaisoma yote kwa sauti bila kukwama hata neno moja. Mama akamuuliza: "Basi tuanze na nini?" Mtoto akanyamaza. Akarudi juu, akasoma tena yote, akanyamaza tena.

Mtoto yule si mjinga. Amefundishwa kusoma maneno, lakini hajaonyeshwa kwamba karatasi ina mpango wake, kama vile nyumba ina mlango, chumba na jiko. Ile ilikuwa na sehemu tatu: kwa nini kuharisha ni hatari, namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi, na dalili za kumkimbiza mtoto kwa muganga. Tulipomwekea kidole kwenye sehemu ya pili, alijibu palepale: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari iliyosawazishwa, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, koroga mpaka viyeyuke. Mdogo wake akanywa kidogo kidogo, na leo anacheza. Lakini tulijiuliza: ingekuwaje kama angechanganya hesabu ya chumvi na ya sukari?

Wengi wetu tunasema hiyo ni kazi ya mwalimu, tena wengine hatukusoma sana. Lakini mipango hii tunaijua tayari, kwa sababu ndiyo tunayotumia kila siku tunapoongea. Tuangalie minne.

Mpango wa kwanza ni wa hatua. Ndivyo tunavyomfundisha binti kupika sombe: kwanza unatwanga, kisha unachemsha, halafu unatia mafuta, mwisho unaonja. Maneno yake ni kwanza, kisha, halafu, mwisho. Ukiruka hatua moja, chakula kinaharibika.

Wa pili ni wa sababu na matokeo. Sisi wa upande wa Goma na Sake tunajua mazuku. Hewa hiyo mbaya ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inalala mashimoni na mabondeni. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo inamfikia yeye kabla ya mtu mkubwa. Maneno yake ni kwa sababu, ndiyo maana, kwa hiyo. Mtoto aliyeelewa sababu hahitaji kukatazwa mara kumi asicheze bondeni.

Wa tatu ni wa kulinganisha. Muhogo mtamu unaweza kuchemshwa na kuliwa. Muhogo mchungu, lakini, una sumu, lazima ulowekwe siku kadhaa na kukaushwa kabla ya kuwa unga wa bugali. Maneno yake ni lakini, kuliko, tofauti na.

Wa nne ni wa shida na namna ya kuitatua. Shida: maji machafu yanaleta kolera. Namna ya kuitatua: tuchemshe maji au tuyatie dawa, tuyafunike, tunawe mikono kwa sabuni.

Sasa, tufanyeje nyumbani? Kabla mtoto hajaanza kusoma, mwambie atazame karatasi nzima kwanza: kichwa cha habari, vichwa vidogo, namba, picha. Kisha muulize: "Karatasi hii inataka kutufanyia kazi gani? Inatuonyesha hatua, inaeleza sababu, inalinganisha, au inatatua shida?" Halafu asome, na kila anapokuta neno linaloonyesha njia, aliwekee alama kwa penseli.

Akimaliza, achore sakafuni kwa kaa la moto lililozimika. Hatua anazichora kama ngazi. Sababu anaichora kama mshale. Kulinganisha ni vitunga viwili kando kando. Shida ni shimo, na juu yake daraja. Mama asiyejua kusoma anaweza kuangalia mchoro huo na kumwambia: "Nieleze." Asipoweza kueleza, arudi kwenye karatasi.

Mchezo mwingine ni kunakili hatua za mapishi kwenye vipande vya karatasi, kuvichanganya, na kumwomba avipange tena. Watoto wanacheka, na huku wanajifunza.

Faida yake inaonekana hata shuleni. Watoto wetu wanaanza kwa Kiswahili, kisha masomo yanageuka Kifaransa, na wengi wanapotea hapo. Lakini mpango wa habari haugeuki. Aliyezoea kwanza na kisha atatambua "d'abord" na "ensuite". Aliyezoea kwa sababu atatambua "parce que". Hata kama maneno mengine hayajui, atajua anakoelekea.

Tukikutana juma lijalo, kila mama alete karatasi moja iliyo nyumbani kwake: ya chanjo, ya mbegu, ya dawa, hata tangazo la kartiye. Aje na mtoto wake pia. Swali litakuwa lile lile la mama mwenzetu: "Basi tuanze na nini?" Tunataka safari hii mtoto ajibu.