Mfuko Unasema Kivu: Kivu Ipi?

Kahawa ikiitwa ya "asili moja", maana yake buni zote zimetoka mahali pamoja, hazikuchanganywa na za kwingine. Ukubwa wa mahali hapo ndio hausemwi. Ni mkoa mzima? Ni kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu? Ni shamba la familia moja?

Sisi wa Lubumbashi kahawa nzuri hutujia kutoka mbali. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 na zaidi kidogo, lakini kuanzia Mei hadi Septemba mvua inakatika, na mbuni hauvumilii kiangazi kirefu namna hiyo bila kumwagiliwa. Kivu ni mambo mengine. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,460, na mashamba yanapanda milimani hadi karibu na 2,000. Katika baridi ile tunda huiva polepole na kujaa sukari.

Lakini familia ya huko huwa na mibuni mia chache tu, katikati ya migomba na maharage. Kupata kilo moja ya buni kavu kunahitaji kilo sita au saba za matunda, kwa hiyo mavuno ya nyumba moja ni magunia mawili matatu. Hakuna mnunuzi wa ng'ambo atakayeyafuata hayo peke yake. Matunda yanapelekwa kituo cha kuoshea, yanachanganywa na ya majirani, yanamenywa siku hiyohiyo, yanaachwa yachachuke, yanaoshwa, kisha yanaanikwa kwenye meza za wavu hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 11 au 12. Kwa maoni yangu, asili ya kahawa ya Kivu ni hicho kituo. Mwuzaji anayekutajia kituo amekuambia mengi kuliko anayekuchorea picha ya familia yenye furaha.

Zamani vituo vilipokosekana, wakulima walimenya nyumbani, wakavusha kahawa kwa mitumbwi usiku kwenda kuiuza Rwanda. Wengi walizama. Kahawa iliyofika salama ilipoteza jina la Kongo ng'ambo ya ziwa. Ushirika wa SOPACDI, ulioanzishwa Minova mwaka 2003, ni kati ya walioirudishia jina hilo.

Anayetaka shamba moja la kweli aangalie kusini, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Huko Mazabuka, Zambia, kuna mashamba makubwa ya familia yanayomwagilia mibuni yao, yenye mashine zao wenyewe. Tangu mti hadi gunia, kahawa haijapita mkono wa jirani. Haimaanishi ni tamu zaidi.

Basi kwenye mfuko tafuta jina la kituo au shamba, kimo, msimu wa mavuno na tarehe ya kukaangwa. Ukikuta "Kivu" peke yake, usilipe bei ya kahawa teule.

Na ukinunua ya Kivu, saga ya kikombe kimoja kimoja, unuse kabla ya kumimina maji. Kahawa za Kivu, Rwanda na Burundi zina kasoro yao: harufu ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu anayetoboa tunda. Buni moja tu yatosha kuharibu kikombe, na jicho haliioni. Ukiisikia harufu hiyo, tupa unga huo, futa kinu, usage nyingine. Mfuko uliobaki huenda ni mzima.