Fizo Ina Sheria Zake, na Hizo Sheria Ndio Maksi

Wasee wengi hugwaya fizo hata kabla waionje. Mwisho wa Fomu 2, taimu ya kuchagua masomo ilipofika, story kwa domu ilikuwa moja tu: hiyo ni ya vichwa, chukua bayo ukae poa. Wachache wenye walibaki waliingia Fomu 3, na siku ya kwanza odijo akawapea karatasi ya sheria za klasi na venye atakuwa anamaki. Hapo sura zikakunjwa. Mi naona hiyo karatasi ndio kitu ya maana zaidi mtapewa mwaka mzima, na ka odijo wako hajaitoa, muitishe.

Cheki kwanza venye mtihani wenyewe umejengwa. Fizo ya KCSE ni kodi 232, pepa tatu. Pepa 1 na pepa 2 kila moja ni maksi 80 kwa masaa 2. Ya kwanza inabeba sana mambo ya nguvu, mwendo, presha na joto. Ya pili inashika stima, mawimbi, mwanga, eksirei na redioaktivi. Ukizijumlisha unapata 160, na hiyo 160 inashushwa hadi 60. Pepa 3, ile praktiko ya masaa 2 na nusu, ni maksi 40, na hiyo 40 haiguswi. Inaingia vile iko.

Soma hapo tena polepole. Maksi moja ya praktiko ni alama moja nzima kwa 100 yako ya mwisho. Maksi moja ya pepa 1 haifiki hata nusu ya alama. Kwa hivyo msee mwenye anakesha na kitabu prepo hadi usiku wa manane, na hajai shika voltimita kwa mkono wake, ameacha asilimia 40 ya fizo ikiwa imelala kwa kabati ya labu.

Ndio maana sheria ya kwanza kwa klasi yoyote ya fizo inafaa kuwa hii: kila mtu ashike aparatasi. Tunajua venye mambo hukuwa. Shule nyingi hazina seti za kutosha, so mnajikuta mbogi ya watu saba ama nane kwa meza moja. Kichwa mmoja anachukua usukani, anaunganisha waya, anasoma amita, na wengine wote wanangoja akishasoma wakopi. Kila wiki ni hivyo, hadi Novemba mnapangwa kila mtu na meza yake, na hapo ndio mnajua nani alikuwa anafanya na nani alikuwa anaangalia. Odijo mwenye anazungusha kazi kwa nguvu, leo wewe unasoma, kesho wewe unaunganisha, anakutetea. Na odijo mwenye anasema kukopi ridingi za beshte ni wizi sawa na kuingia na mwakenya, huyo niko na yeye mia kwa mia. Pepa 3 yenyewe inakuambia maksi ni za kile umeona na ukaandika wewe.

Kitu ingine, sheria za labu si za kukunyima raha. Nyingi ni fizo yenyewe. Chukua mita briji. Ni waya ya urefu wa mita moja imekazwa juu ya rula kwa ubao, na unaigusa na joki mahali tofauti tofauti hadi mshale wa galvanomita usimame kwa sufuri. Odijo atakuambia usiburute joki kwa waya: inua, gusa, inua tena. Juu ukiburuta unaikwaruza, inakuwa nyembamba hapa na nene pale, na hesabu yote ya mita briji inategemea waya iwe sawa mwanzo hadi mwisho. Ukiiharibu, mbogi inayofuata itapata majibu ya uongo na hawatajua ni nini imewaroga. Sheria ya swichi pia ni hivyo. Ukimaliza kusoma, fungua swichi. Ukiiacha imefungwa waya inapata moto, resistansi inabadilika, betri inachoka, na ridingi ya tano haitalingana na ya kwanza hata ungekuwa makini aje.

Pendulamu nayo hudanganya watu kimyamya. Unaambiwa uhesabu miswingo 20. Watu wengi wakiachilia ka-mpira wanaanza na “moja.” Hapo umeshachoma. Unafaa kuanza na “sufuri,” juu hiyo ya kwanza bado haijamaliza safari. Ukianza na moja, umehesabu 19 ukidhani ni 20. Kamba ya nusu mita inafaa kukupea karibu sekunde 28.4 kwa miswingo 20. Wewe utapata ka 27. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini ukipiga hesabu hadi mwisho, g inatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Sekunde moja na kitu, na jibu limehepa.

Sasa grafu. Kawaida grafu ya praktiko hubeba maksi 5, na hakuna hata moja inadai uwe kichwa. Eksisi zikiwa na majina na yuniti, moja. Skeli rahisi yenye haibadiliki katikati, moja. Kuploti pointi vizuri, mbili. Laini safi ya rula ama ile iliyopinda vizuri, kulingana na swali, moja. Msee wa D anaweza beba zote tano akiwa na penseli kali na utulivu. Lakini utapata mtu amechagua skeli ya tatu tatu, kila pointi inamsumbua kuiweka, mwisho anakisia. Chagua mbili, tano ama kumi, uishi kwa amani. Ukitafuta slopu, chora pembetatu kubwa, na pointi zako zitoke kwa laini yenyewe, zisitoke kwa jedwali.

Kwa pepa 1 na 2, mchezo ni kuonyesha kazi. Jiwe linaachiliwa kutoka mita 20 juu, g ni 10, tafuta spidi likigonga chini. Unaandika v² = 2gh, unaweka namba, 2 × 10 × 20, unapata 400, jibu ni 20 m/s. Swali ka hilo likiwa la maksi 3, mwenye ameandika “20” peke yake hana yuniti na hana njia, na anaweza poteza zote. Mwenye amebonyeza kalkuleta vibaya akapata 40 m/s, lakini fomula na namba ziko sawa, bado anaweza chukua mbili. Hapo ndio naipendea fizo. Inalipa safari yako hata ukijikwaa mwisho.

Sasa kuna kitu moja kwa karatasi za sheria siipendi, na naisema wazi. Kuna klasi zenye ukibonga ama ukichelewa, unakatwa maksi za CAT. Hiyo si haki. Maksi inafaa iseme unajua fizo kiasi gani, na nidhamu itafutiwe njia yake: rudia jaribio Jumamosi, osha vifaa, panga kabati ya labu. Kiboko nayo ilishapigwa marufuku na sheria, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi hapo. Lakini ripoti ya praktiko ikikosa kuletwa, kata. Hiyo ni kazi ya fizo na haikufanywa.

Halafu usiulize “A ni ngapi” ukitegemea namba moja ya milele. Shule iko na mipaka yake, na KNEC hupanga ya kwao kulingana na mtihani wa mwaka huo. Yenye haibadiliki ni pointi: A ni 12, C+ ni 7, E ni 1. Na ukitaka kusomea uinjinia kwa yunive, watacheki fizo, matho na chemo, mara nyingi C+ kwenda juu kwa kila moja.

KCSE ya mwisho ni 2027. Wadogo zenu wa Gredi 10 wameshaingia mfumo mpya, na hao pia wenye wamechagua STEM na fizo watashika vifaa vya labu hizo hizo. So wiki hii, kabla ya Ijumaa, enda kwa odijo wako na maombi mawili: makingi skimu ya pepa 3 ya zamani, na ruhusa ya kuingia labu jioni moja na beshte mmoja, mshike kila kifaa kwa mikono yenu. Akikataa, rudi tena wiki ijayo na watu watano.