Lala Kamembe, Tafuta Ruhwa

Bibi aliondoka Ruhwa, Rwanda, angali mwali, akaolewa ng'ambo ya mto, upande wa Burundi, mwishowe akawa muuza ndagaa kwetu Kigoma. Mwaka huu nikaenda kutafuta alikotoka. Ukiwa na nia kama yangu, usipange kulala Ruhwa. Pale ni mpakani, watu wanapita tu. Lala Kamembe, mjini Rusizi, kila asubuhi ushuke.

Njia yetu ya mkato ni Bujumbura na Cibitoke. Lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, ikabidi nizungukie Kigali, kisha basi la kutwa kupitia msitu wa Nyungwe. Jioni, Kamembe, nikaagiza sambaza. Kumbe ndagaa wetu! Walitolewa Tanganyika wakapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Nikacheka peke yangu: wenzangu hawa walihama bila pasipoti.

Kosa langu lilikuwa kuulizia jina la baba yake bibi. Wanyarwanda kwa desturi hawarithishani jina. Kila mtoto ana lake. Nikapanda Mibirizi, misheni ya Mapadri Weupe ya mwaka 1903, ambayo jina lake limebebwa na aina ya kahawa. Nilitumaini daftari la ubatizo, maana huandikwa humo mtoto, wazazi na msimamizi. (Katika karatasi za kabla ya 2006 tafuta Cyangugu, si Rusizi.) Nje ya kanisa mzee mmoja akaniuliza, kwa Kiswahili cha Bukavu, "Mama, ni wa ku kilima gani?" Sikujua. "Na ubwoko, yaani ukoo? Basinga? Bagesera?" Sikujua. Akanitazama kama mganga aliyeletewa mgonjwa asiyeweza kusema panapouma.

Usiku nikampigia shangazi, Ujiji. Kilima akakitaja papo hapo, ukoo pia. Miaka yote hatukumwuliza!

Kesho yake pikipiki ikaniteremsha Bugarama, bondeni kabisa mwa Rwanda, joto na mashamba ya mpunga, hadi karibu na mto Ruhwa. Nyumba ya tatu niliyobisha hodi ilikuwa ya binti wa mdogo wake bibi. Akaniwekea kigoda, akamtaja bibi kwa jina la utotoni ambalo Kigoma hatujawahi kulisikia. Nikamwomba alirudie, nikaliandika kiganjani.

Basi, kabla hujakata tiketi, mpigie shangazi yako.