Wenye Nyumba za Ushirika Mbele ya Sheria Mpya



Askari anapoajiriwa hupewa mahali pa kulala, na siku ya kustaafu hurudisha ufunguo pamoja na sare. Kwa hiyo suala la nyumba humfuata muda wote wa utumishi wake. Wengi wenu mmejiunga na vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi, na si wachache wanaoweka akiba wakiwa na kiwanja na paa akilini. Katika maelezo yetu ya leo tutasimulia habari ya watu wa mbali, wakazi wa jiji la New York kule Marekani, ambao walipata nyumba zao kwa njia ya ushirika, kisha wakalazimika kujikusanya ili wasikike masharti ya nyumba hizo yalipotaka kubadilishwa. Habari ni ya mbali, lakini swali lake liko karibu. Mtu aliyeuziwa nyumba kwa bei ndogo kwa msaada wa serikali, je, nyumba hiyo ni yake kwa kiasi gani? Na serikali ikitaka kubadili masharti, yeye aseme wapi, na kwa njia ipi?

Yafaa tuanze na asili ya jambo lenyewe. Katika miaka ya 1970 jiji la New York lilikuwa katika dhiki. Mwaka 1975 hazina ya jiji ilikaribia kufilisika. Viwanda vilikuwa vimehama na kazi zimepungua. Katika mitaa ya watu wa kipato kidogo, kama vile Harlem, Bronx ya kusini na sehemu za Brooklyn, wenye majengo waliona kwamba pango wanalopokea halilipi gharama. Baadhi yao waliacha kulipa kodi ya majengo, wakazima mitambo ya joto katikati ya baridi kali, wakatoweka. Majengo mengine yaliteketea kwa moto, na katika baadhi ya mioto hiyo mkono wa mwenye jengo aliyetamani fedha za bima haukuwa mbali. Mwaka 1976 jiji lilitunga sheria ya kuliwezesha kuchukua jengo lenye deni la kodi la mwaka mmoja, badala ya miaka mitatu kama ilivyokuwa zamani. Kwa muda mfupi jiji likajikuta linamiliki maelfu ya majengo mabovu, na ndani yake mna watu.

Watu hao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Walichangishana fedha za kununua mafuta ya mtambo wa joto, wakaziba mabomba na paa kwa mikono yao. Jiji halikuwa na uwezo wa kuyatunza majengo yote, nao walikwisha kuonyesha kwamba wanaweza. Ndipo mwaka 1978 ulipoanzishwa mpango maalumu: wapangaji waliendeshe jengo wao wenyewe kwa mkataba wa muda, wajifunze kukusanya fedha na kuweka hesabu, kisha wauziwe. Bei iliwekwa kuwa dola 250 kwa kila nyumba moja ndani ya jengo. Leo vyama vya aina hii, pamoja na vingine vilivyoanza kwa njia zinazofanana na hiyo, ni zaidi ya 1,000.

Hapa hapana budi tueleze utaratibu wenyewe, maana ndio uliozaa ubishi. Katika nyumba ya ushirika mtu hamiliki kuta zake mwenyewe. Jengo zima ni mali ya chama. Mwanachama hununua hisa za chama, na hisa hizo humpa haki ya kuishi katika nyumba fulani kwa mkataba. Kila mwezi hulipa ada ya kulipia mafuta, maji, kodi na matengenezo. Kila mwaka wanachama huchagua halmashauri ya kuliongoza jengo. Kwa hiyo mtu huyo huyo mmoja ana sura mbili mbele ya sheria: ni mwenye jengo kwa hisa zake, na ni mpangaji kwa mkataba wake. Tena vyama hivi huundwa chini ya sheria ya jimbo, iliyotungwa mwaka 1966 kwa ajili ya makazi ya watu wa kipato kidogo, ilhali msamaha wa kodi ya majengo na usimamizi wa kila siku vimo mikononi mwa jiji. Basi mwanachama ana milango miwili ya kubisha: wa jiji, na wa bunge la jimbo lililoko katika mji wa Albany.

Miaka ikapita, na mitaa iliyokimbiwa ikaanza kutafutwa. Nyumba iliyouzwa kwa dola 250 ikaweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Sheria ya 1966 iliweka kiwango cha kipato cha mnunuzi, lakini haikuweka wazi kikomo cha bei. Kwa hiyo palitokea jambo la ajabu: nyumba iliyotengwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo iliuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo hawezi kuilipa. Wakati huo huo, majengo mengine ya aina ile ile yalikuwa na madeni makubwa ya kodi na maji, paa zinavuja, na hakuna aliyetaka kukaa katika halmashauri.

Serikali ya jiji iliyaona yote mawili. Mwaka 2016 ilipendekeza mkataba mpya wa usimamizi. Majengo yatakayoutia sahihi yangepata nafuu ya kodi kwa muda mrefu. Kwa upande wake, chama kingekubali kikomo cha bei ya kuuzia, kikomo kipya cha kipato cha wanunuzi, sehemu kubwa ya fedha za mauzo iingie katika mfuko wa jengo, na msimamizi wa nje wa kuangalia uendeshaji. Yatakayokataa yangekuwa katika hatari ya kuikosa nafuu waliyoizoea.

Wanachama wengi walipousoma mpango huo walishtuka. Hoja yao haikuwa kwamba serikali haina haki ya kuwalinda maskini. Walisema hivi: sisi ndio tuliokuwa maskini hao. Tulipochukua majengo haya hakuna aliyeyataka. Tuliyajenga upya kwa jasho letu, tukalipa ada kwa miaka thelathini, na sasa tumezeeka. Nyumba hii ndiyo akiba yetu ya uzeeni na urithi wa watoto wetu. Mtu wa mtaa wa pili aliyenunua nyumba ya kawaida huuza kwa bei ya soko. Kwa nini sisi, tuliokuwa na kidogo zaidi, ndio tuwekewe kikomo?

Na serikali, pamoja na baadhi ya watu waliovisaidia vyama hivi tangu mwanzo, ilijibu hivi: bei ile ya dola 250 haikuwa bei ya soko, wala msamaha wa kodi haukutoka mbinguni. Ni fedha za wananchi wote. Nyumba zilitolewa ili familia moja ya kipato kidogo ikitoka, nyingine ya namna hiyo iingie. Familia ya kwanza ikichukua thamani yote na kuondoka nayo, ya pili itaingia wapi?

Ndugu wasikilizaji, hoja zote mbili zina uzito, na mtu mwadilifu hawezi kuitupa hata moja. Ndiyo maana namna ya kubishana ilikuwa na maana kubwa.

Wanachama wa majengo mbalimbali, ambao hapo awali kila kundi lilijua jengo lake tu, waliungana. Waliyasoma masharti kifungu baada ya kifungu wakitafuta kila kimoja kinamgusa nani. Waliitisha mikutano, wakawaita wajumbe wa baraza la jiji na wabunge wa jimbo waje wasikilize. Maofisa wa serikali walipofika kueleza mpango, walikuta watu wanaojua vifungu na wanauliza maswali. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Masharti yale hayakupata kuwa sheria ya kuyafunga majengo yote kama yalivyopendekezwa. Lakini suala lenyewe halijafungwa, kwa kuwa nafuu ya zamani ya kodi imewekewa mwisho mwaka 2029, na kabla ya siku hiyo pande hizo hazina budi kukaa tena mezani.

Mfano wa pili unatuonyesha sheria iliyokwisha kupita kabla wenye nyumba hawajazinduka. Mwezi wa Juni mwaka 2019, bunge la jimbo la New York lilipitisha sheria kubwa ya kuwalinda wapangaji. Ilipitishwa na kutiwa sahihi siku chache tu baada ya maandishi yake kutolewa hadharani. Nia yake ilikuwa njema. Miongoni mwa mambo mengine, ilikataza mwenye nyumba kumtoza mpangaji amana inayozidi pango la mwezi mmoja. Lakini kumbukeni tulivyosema: mwanachama wa nyumba ya ushirika ni mpangaji pia mbele ya sheria. Zamani, mtu mwenye kipato kidogo au mwenye kasoro katika kumbukumbu za madeni yake alipotaka kununua, halmashauri iliweza kumkubali kwa sharti la kuweka ada ya miezi kadhaa kama dhamana. Baada ya sheria ile, dhamana hiyo ilionekana kuwa imekatazwa. Halmashauri ikiogopa hasara, njia iliyobaki ilikuwa kumkataa. Hivyo sheria ya kumlinda mnyonge ikamfungia mnyonge mlango.

Wenye nyumba za ushirika hawakuivunja sheria hiyo, wala hawakuwatukana walioitunga. Walikusanya mifano ya madhara, wakaipeleka kwa wabunge wao, wakaeleza tofauti kati ya mpangaji wa kawaida na mwanachama mwenye hisa. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 gavana alitia sahihi marekebisho yaliyoviondoa vyama vya ushirika katika sharti la amana na masharti mengine kadhaa, huku ulinzi wa wapangaji wa kawaida ukibaki pale pale. Usipoziba ufa utajenga ukuta: jambo ambalo lingesahihishwa kwa sentensi moja kabla ya kura, liligharimu miaka miwili baada yake.

Lipo jambo la tatu, nalo ni onyo. Sheria ya jiji ya mwaka 1996 iliruhusu jengo lenye madeni ya kodi na maji lichukuliwe na kukabidhiwa mwendeshaji mwingine. Mwaka 2018 majengo kadhaa yalichukuliwa kwa njia hiyo, na miongoni mwake yalikuwamo ya wenye nyumba wa kipato kidogo. Mwaka 2019 jaji mmoja wa Brooklyn alibatilisha uchukuaji wa mali sita. Hata hivyo, fundisho ni wazi. Katika chama, deni la jengo ni deni la wote. Mwanachama aliyelipa ada yake bila kukosa mwezi hata mmoja anaweza kupoteza nyumba kwa sababu ya mweka hazina mvivu na jirani wasiolipa. Chama chenye vitabu vilivyokaguliwa na kodi iliyolipwa huzungumza na serikali kikiwa kimesimama wima, na chenye madeni na hesabu zilizopotea huzungumza kikiwa kimepiga magoti.

Sasa haya yatufaa nini sisi? Kwanza, hapa kwetu pia zipo nyumba za umma zilizouzwa kwa waliokuwa wakiishi humo, kama vile fleti za Bugolobi mjini Kampala, na tangu mwaka 2001 tunayo sheria ya umilikaji wa nyumba zilizo ndani ya jengo moja. Anayeingia katika umiliki wa pamoja, kwa chama au kwa ghorofa, aulize mapema: nauziwa nini hasa? Nikitaka kuuza, nani ataweka bei? Nikifariki, mjane wangu atabaki kwa haki gani? Majibu yawe katika maandishi, si katika ahadi za mdomo.

Pili, mwanachama asingoje mpaka sheria itangazwe. Mswada una safari yake: huandikwa, husomwa, hupelekwa kwenye kamati, hupigiwa kura, hutiwa sahihi. Katika kila kituo cha safari hiyo pana mahali pa raia kusema. Ninyi mlio katika utumishi mna taratibu zenu za nidhamu, na siasa si kazi ya kambi. Lakini chama chenu cha akiba kina mkutano mkuu, na huko kila mwanachama anayo sauti na kura. Asiyehudhuria mkutano huo asishangae kusomewa masharti asiyoyajua.

Tatu, ipo siku askari polisi atatumwa kwenye lango la jengo kutekeleza amri ya kuwatoa watu, au kusimama kando ya mkutano wa wenye nyumba wanaoupinga mswada. Siku hiyo na akumbuke kwamba anayekaa humo anaweza kuwa mpangaji, mwenye hisa, au vyote viwili, na kwamba amri halali ya mahakama ndiyo inayojua tofauti hiyo. Na akumbuke pia kwamba mtu anayesimama mkutanoni na mswada mkononi, akisoma kifungu na kuuliza maana yake, hajawa adui wa serikali. Amekuja kuisaidia isikosee.

Nyumba ya bei nafuu ni ahadi ya pande mbili. Serikali huahidi nafuu, naye mwananchi huahidi kuitunza nyumba na kutoigeuza biashara ya walanguzi. Upande mmoja ukitaka kubadili maneno ya ahadi hiyo, adabu na busara vyataka kwanza ukae na mwenzake, wayasome maneno pamoja.

Hayo ndiyo maelezo yetu ya leo.