Nasaba ya Mzee Bilali wa Kisiwa cha Sapelo



Sisi tuliolelewa pwani tulizoea kuulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" kabla ya kuulizwa jina. Jawabu tulilijua: baba, babu, baba yake babu, na mji waliotoka. Watoto wetu wanaokulia ugenini hawaulizwi swali hilo, na lisiloulizwa husahaulika. Kwa hiyo mwezi huu tumependa kuwasimulia nasaba ya ukoo mmoja wa mashamba huko Marekani, ambao mzee wao wa kwanza alikuwa Mwislamu.

Mzee huyo ni Bilali Muhammad. Alizaliwa Timbo, katika nchi ya Futa Jallon, ambayo leo imo ndani ya Guinea, Afrika Magharibi. Huko alisoma dini. Akatekwa angali kijana, akauzwa, akapelekwa visiwa vya Bahama, na mwanzoni mwa karne ya 19 akaletwa Sapelo, kisiwa kilichoko pwani ya jimbo la Georgia. Bwana aliyemnunua, Thomas Spalding, alikuwa na shamba kubwa la pamba na miwa, naye akamfanya Bilali mnyapara mkuu wa watumwa wake. Wakati wa vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812, alikabidhiwa bunduki zipatazo 80 ili yeye na wenziwe wakilinde kisiwa.

Mzee Bilali aliacha maandiko ya kurasa 13 kwa hati za Kiarabu. Kwa miaka mingi watu walidhani ni daftari la hesabu za shamba au kumbukumbu za maisha yake. Mwaka 1940 mtaalamu Joseph Greenberg, aliyesaidiwa na walimu wa dini wa Kano, Nigeria, alieleza yaliyomo: ni sehemu za Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya madhehebu ya Maliki. Mna habari za udhu na adhana. Hakuwa na kitabu cha kunakilia. Aliandika yale aliyoyahifadhi utotoni, asije akayasahau. Maandiko hayo yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Georgia.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Huyu alitiwa utumwani kwa nguvu, wala asili hakuiacha.

Kizazi cha pili ni binti zake. Yeye na mkewe Phoebe walikuwa na mabinti wengi, na saba kati yao majina yao yamehifadhiwa: Margaret, Bentoo, Chaalut, Medina, Yaruba, Fatima na Hester. Msomaji atayatambua mwenyewe majina yaliyotoka mbali. Fatima na Medina hayahitaji mkalimani.

Sasa tuvuke hadi kizazi cha nne. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilituma waandishi kukusanya simulizi za wazee, na za pwani ya Georgia zikachapishwa kitabuni mwaka 1940. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwa bibi mmoja wa Sapelo, Katie Brown, kitukuu cha Bilali na mjukuu wa Margaret. Alisimulia kwamba Bilali na Phoebe walichunga sana saa za kuomba: jua lichomozapo, liwapo utosini, na lichwapo. Walikuwa na mikeka midogo ya kupigia magoti na shanga ndefu za kuhesabia. Alitaja hata matamshi ya mzee huyo, na sikio la Mwislamu husikia humo takbira na jina la Mtume wetu, na Phoebe akiitikia "Amina".

Alieleza tena kuwa kila mwaka, siku ile ile, bibi yake Margaret aliroweka mchele usiku kucha, akautwanga kinuni asubuhi, akatia asali au sukari, akafanya vimkate bapa. Kisha akawaita watoto wote na kumpa kila mmoja mkononi. Vimkate hivyo aliviita "saraka". Ndugu zetu, neno hilo mnalijua: ni sadaka.

Hapa ndipo tulipoguswa zaidi. Bibi Katie alikumbuka pia kwamba Margaret hakufunga kilemba kama wanawake wengine, bali alijitanda kitambaa cheupe kichwani kikamwangukia mabegani. Kwa nini? Mjukuu hakujua. Alidhani labda bibi yake hakupenda kubanwa kichwa.

Shungi lilifika kwa mjukuu, lakini maana yake haikufika.

Hatuwalaumu. Walikuwa watumwa, hawana chuo wala msikiti, na mtoto aliweza kuuzwa mbali na mamaye. Baada ya uhuru, mwaka 1866, watu wa Sapelo walianzisha kanisa la Kibaptisti, na vizazi vilivyofuata vikalelewa humo. Hata hivyo Cornelia Walker Bailey, mwana wa kisiwa aliyezaliwa 1945 na kufariki 2017, aliyeandika kitabu juu ya maisha yao na kujihesabu katika kizazi cha Bilali, alisimulia kwamba wazee waliwafundisha kuelekea mashariki waombapo. Leo wazawa waliobaki katika kijiji cha Hog Hammock ni wachache, nao wanapigania ardhi ya mababu zao isinunuliwe na wageni.

Na sisi je? Hatukuja kwa minyororo. Tuna misikiti, vitabu na simu. Tukiwaachia wajukuu zetu majina matupu, pilau la Idi na picha ya bibi mwenye ushungi, tutajitetea kwa lipi?

Tunaziomba familia zote mwezi huu zifanye jambo moja. Nunueni daftari. Wapigieni simu wazee walioko nyumbani wangali hai, muandike majina yao hadi pale kumbukumbu inapokomea, na miji waliyotoka. Kisha keti na mtoto umweleze kila mnalolifanya nyumbani, na sababu yake. Mzee Bilali alitimiza wajibu wake kwa kurasa 13, akiwa mtumwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kizazi kinachojua kilikotoka. Amin.