Gurudumu Likiyumba, Chunguza Tundu la Kitovu

Wakati wa mavuno hapa Singida mkokoteni wa ng'ombe haupumziki. Unapeleka magunia ya alizeti kwenye mashine ya kukamua mafuta. Unabeba mtama, vitunguu, kuni na mapipa ya maji. Siku nyingine unambeba mgonjwa kwenda zahanati.

Simama kando ya njia utazame mkokoteni unaopita. Je, magurudumu yake yanakwenda sawa? Mara nyingi utaona moja linayumba, kulia na kushoto, kama mtu aliyelewa. Ng'ombe wanavuta kwa taabu. Nira inawachubua shingo. Tairi linalika upesi. Ukifika kwenye mteremko mkali kama ule wa Sekenke, pini ikikatika, gurudumu linachomoka. Magunia yote yanaweza kumwangukia mtoto anayeongoza ng'ombe.

Tafuta kosa kwanza

Katika mikokoteni tunayoizungumzia, ekseli haizunguki. Gurudumu ndilo linalozunguka. Katikati ya gurudumu kuna kitovu cha chuma chenye tundu, na ekseli hupita humo.

Shusha mzigo wote. Inua mkokoteni, uweke gogo imara chini yake. Chomeka kijiti ardhini karibu kabisa na ukingo wa gurudumu. Zungusha polepole.

Ukingo ukikisogelea kijiti kisha ukakiacha, tazama na kitovu chenyewe. Kama kitovu nacho kinayumba, tundu limetobolewa upande. Kama kitovu kimetulia, ringi ndiyo iliyopinda. Gurudumu likipanda na kushuka, huenda tundu haliko katikati. Na kama gurudumu limeinama upande mmoja tu bila kuyumba, usilaumu tundu. Ekseli imepinda.

Kosa la tundu huwa dogo sana kwa macho. Tuseme kitovu kina urefu wa sentimita 10, na tundu limekwenda upande kwa milimita 3 tu. Katika gurudumu lenye upana wa sentimita 60, ukingo utayumba karibu sentimita 2. Mara nyingi kosa hili hutokea fundi anapotoboa nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande wa pili. Matundu mawili hayakutani sawasawa.

Keekee haiwezi kunyoosha

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamwambia fundi atoboe tena kwa keekee nene zaidi. Lakini keekee hufuata tundu la zamani, kama maji yanavyofuata mfereji. Tundu linakuwa kubwa, na bado liko upande. Wengine huchukua tupa na kula upande mmoja. Hao hupata tundu lenye umbo la yai, na gurudumu linacheza zaidi kuliko mwanzo.

Njia iliyo bora ni mashine ya kukereza. Kisu chake hakifuati tundu la zamani. Hukata mahali kilipoelekezwa, na tundu jipya hutoka limenyooka. Kisha huingizwa bushi, yaani kipande cha bomba nene, ili tundu lirudi kwenye kipimo cha ekseli. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mjini Singida. Ukifika mjini, uliza huko mahali pa kupata fundi mwenye mashine hiyo.

Kama mjini ni mbali, fundi wa kuchomelea anaweza kufanya kazi hii kijijini. Lakini kwanza toa tairi kwenye ringi. Usikubali ringi ichomelewe ikiwa na tairi, hata kama upepo umepungua. Joto huweza kulipasua tairi kwa kishindo na kuua mtu. Futa grisi yote pia, kwa sababu inawaka.

Fundi apanue tundu mpaka bushi iingie kwa ulegevu. Sasa haidhuru tundu hilo likiwa upande, maana halitashika ekseli tena. Bushi iwe ndefu kidogo kuliko kitovu. Ivalishwe kwenye ekseli iliyonyooka, kisha kitovu na ringi vikae juu yake. Katika nafasi iliyobaki chomeka vipande vyembamba vya bati pande zote. Zungusha mbele ya kijiti. Gonga bati hapa, legeza pale, mpaka ukingo usikisogelee kijiti wala kukiacha. Kazi hii yaweza kuchukua muda mrefu. Usimharakishe fundi.

Ndipo achomelee nukta moja ndogo kati ya bushi na kitovu, halafu nyingine mkabala wake. Azungushe tena apime. Chuma kikipoa huvuta kuelekea palipochomelewa, kwa hiyo akizunguka upande mmoja mfululizo, kitovu kitarudi kuwa upande. Afanye hivyo hivyo nyuma ya kitovu, akipima kila mara. Watoto wasisimame kutazama mwanga ule, unaunguza macho. Na chuma kiachwe kipoe chenyewe, kisimwagiwe maji.

Baada ya kupoa, bushi huenda ikabana ekseli kidogo. Isugue ndani kwa msasa mpaka gurudumu lizunguke kwa urahisi bila kucheza. Paka grisi, rudisha tairi, tia pini mpya. Siku ya kwanza beba mzigo mwepesi, na ukirudi nyumbani weka tena kijiti kando ya gurudumu.